Kibodi na mausi za wailesi zinakufa nikibuti flashi ya rikavari, Windows imegoma na wateja wananisubiri

#1 Steshenari_Malimbe
Habari za usiku wakuu. Nina steshenari huku Malimbe karibu na chuo, desktopi yangu ndo kila kitu, ripoti za wanafunzi zimo humo, hesabu za kikoba cha kina mama zimo humo. Jana jioni umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena, tangu hapo Windows 10 haiwaki, inazungusha tu vile vidoti halafu inajizima inaanza upya. Sikuogopa sana kwa sababu bekapu ninayo, kila Jumapili napiga picha ya diski nzima naweka kwenye eksteno, na flashi ya rikavari, ya kuwashia kompyuta na kurudisha bekapu Windows ikifa, niliitengeneza kitambo kwa ajili ya siku kama hii.

Sasa sikilizeni. Nimechomeka flashi, nikabonyeza F12, menyu ya kuchagua kompyuta iwakie wapi ikaja, nikachagua flashi kwa kibodi hii hii ya wailesi ikakubali. Programu ya bekapu ikafunguka safi na mshale wa mausi nikauona katikati ya kioo. Baada ya hapo kimya. Kibodi imekufa, mausi imekufa, mshale hausogei. Nimechomoa kale kadude ka USB nimekarudisha, wapi. Nimerestati mara tano, kila mara kwenye F12 inafanya kazi, ikiingia tu kwenye rikavari inakufa. Inakuwaje kitu kifanye kazi kompyuta ikiwa bado haijaamka halafu kife ikishaamka? Kibodi ya waya sina, zote niligawa niliponunua hii seti pale Makoroboi. Kesho saa mbili asubuhi kuna watu wanakuja kuchukua ripoti.

#2 Dagaa_Mkavu
Pole sana ngosha. Nakaa hapa pembeni nisubiri wajuzi, na mimi nina seti kama hiyo.

#3 Fundi_Buzuruga
Mkuu hiyo ni Bluetooth. Kibodi ya Bluetooth lazima kwanza iungwe na mfumo, na zile funguo za kuungana zinakaa ndani ya Windows yako iliyokufa. Flashi ya rikavari ni mfumo mwingine kabisa, haiijui kibodi yako, na hizi rikavari za Windows nyingi hazibebi Bluetooth kabisa. Tafuta kibodi ya waya, mchezo umeisha.

#4 Steshenari_Malimbe
Fundi asante ila hii siyo Bluetooth, inakuja na kadude kadogo ka kuchomeka, kibodi na mausi zinatumia kadude kamoja.

#5 Kijana_wa_Igoma
#3 umewahi kujibu kaka, rudia kusoma, amesema kwenye F12 inafanya kazi. Ingekuwa Bluetooth hata hiyo menyu asingeigusa, BIOS za PC nyingi, yaani ile programu ya ndani ya ubao inayoamsha kompyuta kabla ya Windows, hazina habari na Bluetooth.

Mleta uzi, kadude kako kenyewe ndo kanaongea na kibodi kwa redio ya 2.4 GHz, halafu upande wa kompyuta kanajitambulisha kama kibodi ya kawaida ya USB. Kompyuta haijui kama kuna wailesi hapo, ndo maana hizi huwa hazidai draiva, ile programu ya kukiendesha kifaa. Hata zile risiva za Unifying za Logitech ambazo zinabeba hadi vifaa 6, kumbukumbu ya nani ameungwa na nani ipo ndani ya risiva yenyewe, unaweza kuihamisha kwenye kompyuta nyingine ikafanya kazi hapo hapo.

Sasa swali lako la #1 ni zuri na watu wengi wanalipita. Kibodi inayofanya kazi kwenye F12 haiongeleshwi na Windows, inaongeleshwa na BIOS. BIOS ina kadraiva kake kadogo ka USB, kanaijua kibodi kwa lugha ya kitoto kabisa, ripoti ya baiti 8, vitufe 6 kwa wakati mmoja basi. Ukishachagua flashi na mfumo mpya ukaanza, BIOS inaachia ile kontrola ya USB, chipu inayoendesha matundu, na mfumo mpya unatakiwa uishike wenyewe kwa draiva yake. Ni kama feri ya Kamanga, inakuvusha hadi ng'ambo, ikifika gatini wewe tafuta basi la Sengerema mwenyewe. Mfumo wa flashi yako hauna basi. Kwa hiyo swali ni moja, hiyo flashi uliitengeneza lini na kwa Windows gani?

#6 Nyanza_Original
Feri gani tena ya Sengerema na daraja la Kigongo Busisi limefunguliwa tangu Juni 2025, kilomita 3 unapita kwa gari dakika chache

#7 Kijana_wa_Igoma
Mzee feri ya Kamanga ni njia nyingine inaanzia mjini, hiyo ya Kigongo ndo imepata daraja. Na mfano umeuelewa.

#8 Nyanza_Original
Nimeuelewa, ila wa daraja ni mzuri zaidi maana hakuna kushuka 😀

#9 Kapripointi
Mimi naona tatizo ni Fast Boot. Ingia BIOS kaizime, halafu tafuta palipoandikwa Legacy USB Support kawashe, na kama kuna XHCI Hand-off kawashe pia. Fast Boot ikiwa juu kabisa mashine inaruka kukagua vifaa vya USB ili iwake haraka, kibodi inakuja kuamshwa na Windows baadaye. Kwenye Dell utakuta wameandika Fastboot na chaguo za Minimal, Thorough na Auto, weka Thorough. Nimewasaidia watu watatu kwa njia hii.

#10 Kijana_wa_Igoma
Kapripointi, Fast Boot inaua kibodi mwanzoni, yaani F12 yenyewe inagoma. Huyu mwanzoni yuko vizuri, anafia mwishoni. Ile XHCI Hand-off hapo sawa, hiyo inahusika na BIOS na mfumo kupokezana kontrola ya USB 3, ajaribu.

#11 Kapripointi
Sikatai, ila nimeshaona mashine imewekwa Minimal, F12 inakubali halafu mbele huko inakuwa na tabia za ajabu. Kujaribu ni bure.

#12 Mwanamke_wa_Pasiansi
Jamani na wailesi zenyewe zina usingizi. Ukikaa kidogo zinalala kuokoa betri, bonyezo la kwanza linatumika kuiamsha na halifiki kwenye kompyuta, kwa hiyo unabonyeza F12 mara moja unaona imekukatalia kumbe ilikuwa imelala. Bonyeza bonyeza mfululizo tangu unawasha. Na nyingine vitufe vya F vya juu vimewekwa kuwa vya sauti na mwanga, lazima ushike Fn, bila hivyo unadhani umetuma F12 kumbe umetuma ongeza sauti. Kwa mleta uzi siyo hili ila wengine watasoma.

#13 Mjomba_Butimba
Hili linajulikana. Oktoba 2025 Microsoft walitoa apdeti KB5066835 ya Windows 11 ikaua kibodi na mausi zote za USB ndani ya rikavari, hata za waya, wakati kwenye Windows yenyewe zinafanya kazi vizuri. Dalili ni hizo hizo za kwako. Walirekebisha tarehe 20 Oktoba kwa KB5070773.

#14 Fundi_Buzuruga
Mjomba hilo ni kweli lilitokea ila angalia, ilikuwa Windows 11 matoleo ya 24H2 na 25H2, na Server 2025. Mwenzetu ana Windows 10. Tena tarehe 14 Oktoba 2025 apdeti hiyo ilipotoka ndo siku hiyo hiyo Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa. Na yeye anabuti kwa flashi aliyoitengeneza zamani, wakati ile kasoro ilikuwa kwenye rikavari iliyomo ndani ya diski ya mashine. Hata Microsoft wenyewe waliwaambia watu njia za kukwepa ni kioo cha kugusa, kibodi ya PS/2 (ile ya zamani ya kichwa cha duara), au flashi ya rikavari iliyotengenezwa kabla.

#15 Mjomba_Butimba
Sawa nimerekebishwa kwa Windows 10. Ila hapo kwenye flashi ngoja kwanza, programu nyingi za bekapu zikitengeneza flashi hazipakui chochote, zinachukua ile rikavari iliyomo ndani ya mashine yako zinaichoma kwenye flashi. Mtu mwenye Windows 11 aliyechoma flashi katikati ya zile siku sita alichoma na ugonjwa wake. Kwa hiyo mtu yeyote mwenye flashi ya Oktoba 2025 aichome upya leo leo.

#16 Dagaa_Mkavu
Hapo #15 umenishtua, ya kwangu niliichoma mwaka jana sikumbuki mwezi. Kesho naijaribu.

#17 Steshenari_Malimbe
Wakuu asanteni. Kujibu #5, flashi niliitengeneza nikiwa bado na Windows 7 kwenye mashine hii hii, baadaye nikapandisha kwenda 10 lakini flashi sikuigusa, nilijua inafaa tu kwa sababu inafungua programu ile ile. Mashine ni ya mtumba, prosesa ya Intel i5 kizazi cha 4. Nyuma ina matundu ya bluu mawili na meusi manne, mbele bluu mawili. Kadude nimekachomeka mbele kwenye bluu, flashi nayo mbele kwenye bluu, eksteno nyuma kwenye bluu.

#18 Kijana_wa_Igoma
Basi tumempata mchawi. Windows 7 haina draiva yake ya USB 3, hiyo ilikuja na Windows 8 mwaka 2012. Rikavari iliyojengwa juu ya Windows 7 ni WinPE 3, kile kiWindows kidogo cha kwenye flashi, na yenyewe haina. Matundu ya bluu ni USB 3. Flashi inafunguka kwa sababu BIOS ndo inayoisoma na kuimwaga yote kwenye RAM, ikishamaliza kumwaga mfumo unaishi kwenye RAM hauihitaji flashi tena. Baada ya hapo matundu ya bluu yote yanakuwa gizani, kadude kako kamo gizani humo.

Kizazi cha 4 una bahati, kina kontrola zote mbili, ya zamani ya USB 2 na mpya ya USB 3. Hamisha kadude tundu jeusi nyuma. Angekuwa na kizazi cha 6 kwenda juu, zile chipu za 2015, Intel waliondoa kabisa ile kontrola ya zamani, hata tundu jeusi linapita kwenye ya USB 3, ndo maana watu waliteseka sana kuweka Windows 7 kwenye mashine zile, setapu inafunguka kibodi imekufa.

Kipimo: hiyo programu ikifunguka inaonyesha orodha ya diski hata bila kugusa kitu. Eksteno inaonekana kwenye orodha?

#19 Steshenari_Malimbe
Haionekani! Naona diski ya ndani peke yake. Nilidhani lazima niibonyezee kitu kwanza.

#20 Kijana_wa_Igoma
Ndiyo hivyo. Eksteno nayo iko tundu la bluu. Hamisha vyote viwili.

#21 Mtaa_wa_Rufiji
Nipunguze kasi kidogo. Eksteno kutoonekana siyo ushahidi peke yake. Mimi nafungua hizi mashine za mtumba kila siku, matundu yake yamechoka, eksteno inawasha taa lakini umeme hautoshi diski kuzunguka, unasikia inagonga tik tik. Na umeme ukikatika mara mbili kwa mpigo kama alivyosema, pawa saplai inaweza kuwa imeumia, volti 5 ikishuka USB ndo ya kwanza kulia. Kwenye F12 mashine haijabeba mzigo, ikianza kufanya kazi mzigo unapanda, kadude kanakata. Hiyo nayo inaeleza kwa nini mwanzo inafanya kazi na mwisho inakufa.

#22 Nansio_Kwetu
Mimi nitoe langu maana linaniuma hadi leo. Nilialikwa shule moja huku Ukerewe kurudisha kompyuta ya ofisi, nikatoka Mwanza mjini na meli, masaa matatu na kitu majini, begi lina flashi, eksteno na seti yangu ya wailesi kwa sababu ni nyepesi. Kufika, ugonjwa ule ule wa mleta uzi, mshale umesimama katikati ya kioo kama mwiba. Kisiwani pale siku ile nilizunguka na bodaboda maduka yote ya Nansio mjini, kibodi ya waya hakuna, wote wamebeba wailesi kwa sababu ndo zinauzika. Mkuu wa shule ndo akakumbuka stoo kuna kompyuta za zamani, tukatoa kibodi moja ya PS/2, vumbi kama ametoka nayo shamba la pamba, kichwa chake cha zambarau. Nikazima mashine kwanza, maana PS/2 haichomekwi ikiwa inawaka unaweza kuunguza, nikachomeka, nikawasha. Ikafanya kazi moja kwa moja. PS/2 haipiti USB kabisa, haijali bluu wala nyeusi. Mausi hatukuwa nayo nikafanya risto nzima, yaani kurudisha bekapu, kwa Tab na Enter na mishale. Tangu siku hiyo ile kibodi niliiomba na wakanipa, inakaa kwenye begi.

#23 Mwanamke_wa_Pasiansi
#22 umenigusa. Langu ni laptopi ya kazini, mtoto alimwagia uji kibodi yake ikafa, nikawa natumia ya Bluetooth miezi mingi bila shida. Siku moja BIOS ikajiapdeti, kuwasha ikaniomba funguo ya BitLocker, ile kufuli ya diski ya Windows, namba 48. Namba ninazo, nimeziandika kwenye karatasi, kibodi ya kuziandikia sina! Bluetooth pale haifanyi kazi kabisa, #3 hapo alisema kweli hata kama hakumjibu mleta uzi. Jirani mwenye duka la dawa akaniazima ya waya, nayo vitufe vya namba vya pembeni vilikuwa havijibu, kijana mmoja akaniambia kwenye skrini ile F1 hadi F9 ni 1 hadi 9 na F10 ni sifuri. Nikaingiza zote 48 kwa F. Nilipomaliza nilikaa chini.

#24 Dagaa_Mkavu
Hii ya F10 ni sifuri sikuwahi kuisikia dada, wabeja sana.

#25 Kapripointi
Na kuna kitu mnakiruka, betri ya BIOS, ile ya kama sarafu CR2032. Mashine ya kizazi cha 4 ni ya 2013 au 2014, kama betri haijawahi kubadilishwa imekufa. Umeme ukikatika kabisa BIOS inarudi kwenye setingi za kiwandani, setingi za USB zinabadilika, na ile ya SATA, namna ubao unavyoongea na diski, kati ya AHCI na nyingine inabadilika, na SATA ikibadilika Windows inafanya hivyo hivyo alivyosema, inazunguka vidoti halafu inajizima. Inawezekana kabisa Windows yake haijafa, na haihitaji risto yoyote. Mleta uzi kabla hujarudisha bekapu angalia saa ya BIOS, kama inasoma mwaka wa ajabu basi betri hiyo.

#26 Kijana_wa_Igoma
Kapripointi hapa umeongea. Angalia hilo kwanza kabla ya kufuta chochote.

#27 Steshenari_Malimbe
Saa ya BIOS iko nyuma masaa kama manne hivi. Mwaka ni sahihi. SATA imeandikwa AHCI, sijui ilikuwaje zamani.

#28 Kapripointi
Masaa manne siyo kawaida, betri inachoka. Ila AHCI ni sawa kwa wengi wenye Windows 10.

#29 Mtaa_wa_Rufiji
Au ilisimama muda umeme haupo, nayo ni betri.

#30 Bwiru_Tech
Mimi nashauri njia nyingine, chukua Clonezilla, programu ya kunakili diski, choma kwenye flashi nyingine. Ni Linux, ina draiva za USB 3 siku zote, na haina habari na mausi, ni kibodi tu. Kibodi ikifanya kazi humo basi kadude kako hakana ubovu na tatizo ni flashi yako ya zamani. Ikifa na humo basi #21 yuko sahihi, ni umeme au tundu.

#31 Fundi_Buzuruga
Kama kipimo ni nzuri sana ila asije akadhani atarudishia humo, Clonezilla haifungui picha ya diski iliyopigwa na programu nyingine. Dawa ya kudumu ni kuingia kwenye ile programu yake kwenye kompyuta isiyo na ubovu, kuchoma flashi upya juu ya WinPE ya Windows 10, au kama programu inaruhusu kuongeza draiva ya USB 3 wakati wa kuchoma.

#32 Steshenari_Malimbe
Wakuu! Imeamka! Nimeazima betri mbili mpya za kibodi kwa jirani kwa sababu zangu zilikuwa za tangu nimenunua, nikahamisha kadude nyuma tundu jeusi, na eksteno nayo tundu jeusi lililobaki pembeni yake, nikawasha. Kibodi inafanya kazi ndani ya rikavari, eksteno inaonekana, picha ya Jumapili naiona! Mausi ndo inanipa shida, inatembea kwa kurukaruka, inasimama, inaruka tena. Lakini natumia Tab kama #22.

#33 Mtaa_wa_Rufiji
Hongera, ila umebadilisha vitu vitatu kwa mara moja, betri, tundu na eksteno. Sasa hatutajua ni kipi.

#34 Kijana_wa_Igoma
Tundu. Eksteno haitumii betri za kibodi na nayo imetokea.

#35 Mtaa_wa_Rufiji
Eksteno imetokea kwa sababu tundu jingine lina umeme mzuri, sijasema vinginevyo. Matundu meusi ya nyuma yako kwenye ubao wenyewe, ya mbele yanapita kwenye waya mrefu wa kasha.

#36 Kijana_wa_Igoma
Eksteno ilikuwa nyuma tangu mwanzo, soma #17.

#37 Mtaa_wa_Rufiji
Nimesoma. Nyuma kwenye bluu. Nikiwa na mashine mbele yangu ningepima volti, bila hivyo sikubali wala sikatai.

#38 Bwiru_Tech
Hiyo mausi ya kurukaruka naijua. Vifaa vya USB 3 vikifanya kazi vinatoa kelele ya redio kwenye masafa yale yale ya 2.4 GHz, Intel waliandika hadi waraka mwaka 2012. Eksteno pembeni kabisa ya kadude ni kama kuongea na mtu pembeni ya mashine ya kusaga. Chukua waya wa kurefushia USB, kalete kadude juu ya meza karibu na mausi.

#39 Kijana_wa_Igoma
Bwiru nakubali waraka upo ila sasa hivi eksteno iko tundu jeusi, inatembea kwa kasi ya USB 2, hiyo kelele haitoki. Labda kadude kako nyuma ya kasha la chuma na mawimbi hayapiti vizuri.

#40 Bwiru_Tech
Na flashi? Flashi bado iko mbele kwenye bluu.

#41 Kijana_wa_Igoma
Flashi haifanyi kazi yoyote kwa sasa, mfumo uko kwenye RAM na tundu lenyewe halina draiva.

#42 Mwanamke_wa_Pasiansi
Jamani amebadilisha betri za kibodi, za mausi amebadilisha?

#43 Steshenari_Malimbe
Dada hapana, jirani alikuwa nazo mbili tu nikaweka kwenye kibodi.

#44 Nansio_Kwetu
Asiguse kitu chochote sasa! Mwacheni arudishe data kwanza. Umeanza risto mkuu?

#45 Steshenari_Malimbe
Sijaanza. Nimekumbuka ya #25 kwamba huenda Windows haijafa, na kati ya Jumapili na jana kuna ripoti kama kumi na moja za wanafunzi hazimo kwenye bekapu, nikirudisha picha ya Jumapili zinafutika. Hii rikavari ina kisehemu cha kuangalia mafaili, nimechungulia diski ya ndani naona mafolda yangu yote yapo. Nakopi kwanza ripoti zote kwenda eksteno. Inakopi taratibu, ni tundu jeusi, lakini inakwenda.

#46 Kijana_wa_Igoma
Umefanya jambo la maana kuliko sisi wote. Kopi kwanza. Na folda la kikoba.

#47 Steshenari_Malimbe
La kikoba nimeanza nalo.

#48 Steshenari_Malimbe
Saa nane na dakika kumi usiku. Zimekamilika, nimefungua mbili tatu kwenye simu kwa OTG, kale ka kuunganishia USB kwenye simu, zinafunguka. Nimeanza risto, iko asilimia 6. Umeme upo, huku Malimbe kimya kabisa nasikia ziwa tu.

#49 Kapripointi
Kesho nunua CR2032 usisahau, ni bei ya soda.

#50 Fundi_Buzuruga
Na kibodi ya waya. Mimi Buzuruga ninazo mbili za PS/2 na moja ya USB za mtumba, hata usipolipa sasa pita uchukue.

#51 Mwanafunzi_Nyegezi
Samahani naingilia, mimi nina Mac mini na kibodi yake ya Bluetooth, ina maana na mimi rikavari itanigomea?

#52 Bwiru_Tech
Hapana, Apple wameweka Bluetooth kwenye firmware yao, inayofanya kazi ya BIOS, kibodi ikiwa imeshaungwa inafanya kazi hata rikavari. Za Intel unashika Command na R, za chipu mpya unashikilia kitufe cha kuwashia. Ila chaji kibodi yako.

#53 Mwanafunzi_Nyegezi
Ahsante. Halafu mleta uzi, nadhani ripoti moja kati ya hizo kumi na moja ni ya kwangu, ile ya uvuvi wa sangara yenye jalada la kijani 🙏

#54 Steshenari_Malimbe
Ipo, ndo ile ya kwanza niliyofungua kwenye simu. Njoo saa nne badala ya saa mbili, risto iko asilimia 31.